Niliuza Laptopu Nikanunua Tableti, Wacha Niwaambie Ukweli

Haya wasee, kila wiki lazima mtu anitumie ujumbe na swali lile lile: "Niuze laptopu ninunue tableti ya kibodi?" Nimekuwa nikijibu kwa mstari mmoja tu. Leo nataka nijibu vizuri, kwa sababu mimi mwenyewe niliuza, na aliyeumia zaidi si mimi.

Laptopu yangu ilikuwa ex-UK ya kitambo. Betri ilikuwa imekufa, yaani ukichomoa chaja tu, inazima. Stima zikipotea, kazi imeishia hapo. Nikapata mtu akaninunulia kwa 22,000, nikaongezea akiba yangu, nikaingia tao kuchukua tableti ya 58,000. Nilidhani nimemaliza. Kumbe kibodi inauzwa kando! Kalamu nayo kando. Mpaka natoka pale Moi Avenue nilikuwa nimeacha 74,000. Kwa hivyo anza na hilo: bei ya kwenye tangazo mara nyingi ni ya kioo peke yake. Ile kibodi inayopendeza kwenye picha, utailipia.

Kwa kazi yangu lakini, sitawadanganya, hiyo kitu ni moto. Mimi naishi Rongai na wateja wangu wengi wako tao. Nikirudi jioni, jam ya Lang'ata Road ikishika, mpaka tufike Bomas nimeshakata video moja nikiwa kwenye kiti cha matatu. Nashika kwa mkono, nachora mahali pa kukata kwa kalamu, betri inanifikisha jioni. Na msidhani programu zake ni za kuchezea. DaVinci Resolve iliingia kwenye iPad mwisho wa 2022, na Final Cut Pro ikafuata Mei 2023. Hizo ni programu ambazo watu wa filamu wanazijua. Kama kazi yako ni video fupi, picha, kuandika, kusoma na barua pepe, tableti inatosha, na hata itakupendeza zaidi.

Sasa sikizeni upande wa pili.

Sistangu mdogo yuko mwaka wa pili wa diploma, anasoma mambo ya kompyuta. Kila siku saa tatu usiku, mimi nikimaliza kazi zangu, laptopu ilikuwa inahamia kwa meza yake. Hatukuwahi kukaa chini tukapanga hivyo, ilijipanga tu. Na siku ile ninauza, sikumuuliza. Niliona ni mashine yangu.

Nilipofika nyumbani na boksi, aliigeuza geuza, akasema ni safi. Kisha akauliza, "Bro, NetBeans inaingia hapa?"

Nikamjibu kwa ujasiri kwamba lazima kuna namna. Tulitafuta mpaka saa sita usiku. Tukapata programu za kuandika kodi kidogo, na tovuti za kufanyia mazoezi ambazo zinakula bando. Lakini mradi wake ulikuwa wa Java unaozungumza na hifadhidata ya MySQL, na mwalimu anataka uuonyeshe ukifanya kazi. Kwenye tableti yangu haikuwezekana. Akafunga daftari, akasema, "Usijali, nitaenda saiba."

Saiba ya kwetu ni bob moja kwa dakika, na inafunga saa mbili usiku. Saa ambayo yeye ametoka darasani, amepanda matatu, amesaidia jikoni, saiba imefungwa. Akabaki na Jumamosi. Mradi aliuwasilisha bila ile sehemu ya hifadhidata, na alama zikaenda nayo. Hakunilaumu hata siku moja. Mathe ndiye aliniambia, tena kwa upole: "Hiyo mashine tukinunua nilitoa pesa ya chama. Haikuwa yako peke yako." Sikuwa na jibu.

Mahali nilipokosea kiufundi ni hapa. Nilikuwa naona kibodi nafikiri ni kompyuta. Kuna tableti zinazoendeshwa na mfumo wa simu, kama iPad na zile za Android, na kuna zinazoendeshwa na Windows kamili. Kwa macho zinafanana. Microsoft wenyewe walitoa Surface RT mwaka wa 2012. Ilikuwa inafanana na Windows kabisa, lakini programu za kawaida za Windows ambazo watu walikuwa nazo hazikuingia. Julai 2013 kampuni ikatangaza hasara ya dola milioni 900 kwa sababu ya hizo tableti kukosa soko. Surface Pro, iliyotoka Februari 2013, ilikuwa na Windows kamili. Hiyo ndiyo unaweza kuiita laptopu iliyokatwa kibodi, na bei yake ilikuwa juu zaidi. Kwa hivyo ukienda dukani usiulize kama ina kibodi. Uliza inaendeshwa na mfumo gani, halafu utaje programu yenyewe unayohitaji, kwa jina, na uione ikifunguka kabla hujatoa pesa.

Miezi miwili baadaye nilipata kazi ya harusi mbili, nikanunua ex-UK nyingine ya 25,000. Niliiweka kwa meza ya sistangu, si kwa yangu. Piga hesabu: 74,000 na 25,000, toa 22,000 niliyouza. Ni 77,000 zilizotoka mfukoni, na tukarudi kuwa na laptopu moja ndani ya nyumba.

Kwa hivyo tableti inaweza kuchukua nafasi ya laptopu? Ya kwangu imechukua, na sirudi nyuma. Ya nyumba yetu haikuweza. Hapa kwetu laptopu moja mara nyingi ni ya watu watatu: kuna anayefanyia kazi, kuna anayesomea, na kuna anayeingia kujaza fomu za serikali mwezi wa sita ukifika.

Kama unafikiria kuuza yako, angalia nani mwingine huikalia ukiwa umelala. Muulize kabla boksi haijafika nyumbani. Mimi niliuliza ikiwa imeshafika.