Vitabu Nilivyovisoma Mwaka Huu

Na Mwanafunzi wa Zamani

Mhariri wa gazeti letu aliniandikia barua akitaka niwaeleze wanafunzi habari za kazi yangu ya maabara. Nimefikiri sana, nikaona ya kuwa kazi yenyewe haina mengi ya kumpendeza mtu asiyeifanya. Asubuhi navaa koti jeupe, nahesabu vimelea vya malaria katika hadubini mpaka macho yanaingia ukungu, jioni naandika tarakimu daftarini, na kesho yake naanza tena. Kwa hiyo nimemwomba Mhariri ruhusa niandike jambo jingine, nalo ni vitabu nilivyovisoma mwaka huu vikanipendeza kuliko vingine. Si hadithi za kubuni. Ni vitabu vya mambo yaliyotokea kweli.

Lazima niungame kwanza. Nilipokuwa hapa shuleni, sisi wa mkondo wa sayansi tulikuwa tukiwacheka wenzetu wa mkondo wa sanaa kwa kubeba vitabu vinene kwapani. Sisi tulikuwa na kanuni zetu, na kanuni huingia katika ukurasa mmoja. Kiburi hicho nilitoka nacho hapa nikaenda nacho chuo kikuu, na hata kazini nikawa sisomi kitu ila makala za utafiti. Mwaka huu nilihamishiwa kituo kilicho mbali na nyumbani kwangu, ikawa kila siku nakaa ndani ya basi karibu saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Makala za utafiti hazisomeki ndani ya basi. Basi nikaanza kuazima vitabu.

Cha kwanza chaitwa The Ghost Map, kimeandikwa na Steven Johnson wa Marekani, kikatolewa mwaka 2006. Chaeleza kipindupindu kilichozuka Broad Street mjini London mwishoni mwa Agosti 1854, kikaua watu zaidi ya 600 kwa majuma machache. Siku zile wakubwa wa afya waliamini ya kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow akasema, la, huletwa na maji. Bila shaka wengi wenu mmezisikia darasani habari za Snow, jinsi alivyowashawishi wakubwa wa mtaa wakaondoa mpini wa pampu tarehe 8 Septemba. Nami nilizijua, nikadhani kitabu hakina jipya la kuniambia.

Nisiyemjua ni kasisi Henry Whitehead. Huyu alikuwa kijana, akifanya kazi yake mtaani mumo humo, na maneno ya Snow hakuyakubali hata kidogo. Akaanza kupita nyumba kwa nyumba ili apate ushahidi wa kumpinga. Kwa kuwa watu walimjua, walimfungulia milango, wakamweleza nani alikunywa maji ya wapi na siku gani. Kadiri alivyouliza ndivyo ushahidi ulivyomgeukia, mwisho akakiri ya kuwa Snow alisema kweli. Tena ni yeye aliyepata habari za mtoto mchanga wa nyumba namba 40, aliyeshikwa na kuhara kabla ya wengine. Mama yake aliloweka winda zake katika ndoo, kisha maji akayamwaga katika shimo la uchafu lililokuwa karibu mno na kisima cha pampu ile. Nimekaa na watafiti miaka mingi. Sijaona wengi waliotoka kwenda kumpinga mtu wakarudi kumuunga mkono.

Kuna na mjane mmoja humo aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, lakini kwa kuyapenda maji ya Broad Street akawa anapelekewa chupa yake. Yakamuua. Na wafanyakazi wa kiwanda cha bia kilichokuwa jirani na pampu walinusurika, maana hawakuwa na haja ya maji ya pampu. Nilipofika hapo nilicheka peke yangu ndani ya basi, abiria wenzangu wakanitazama.

Cha pili ni Unbowed cha Wangari Maathai wa Kenya, nacho kilitoka mwaka 2006. Watu wamjua kwa miti yake na kwa Nishani ya Nobel ya mwaka 2004. Wanaosahau ni wengi kwamba alikuwa mwanasayansi wa elimu ya wanyama, aliyepata shahada ya udaktari mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wasichana wa shule hii wakisome. Mimi kilichonikaa moyoni ni habari ndogo ya utotoni mwake huko Nyeri: mama yake alimkataza asiokote kuni za mti wa mugumo, na karibu na mti huo palikuwa na kijito ambamo alicheza na mayai ya vyura. Aliporudi akiwa mtu mzima, mti ulikwisha katwa na kijito kimekauka. Akayaunganisha mambo hayo mawili. Sina la kuongeza hapo.

Sasa naja kwenye kitabu kilichonitoa usingizini. Chaitwa The Immortal Life of Henrietta Lacks, mwandishi wake ni Rebecca Skloot, kikatolewa mwaka 2010. Nilipokuwa chuo kikuu nilifundishwa kukuza seli ziitwazo HeLa. Nilizilisha, nikazihamisha chupa hata chupa, nikazihesabu, na kwa ujinga wangu nikadhani HeLa ni jina tu, kama yalivyo majina ya dawa. Kumbe ni herufi za mwanzo za jina la mwanamke. Henrietta Lacks alikuwa Mmarekani mweusi, mkulima wa tumbaku aliyelelewa Virginia, mama wa watoto watano. Mwaka 1951 alikwenda hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore kwa saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walikata kipande cha uvimbe wake wakakipeleka maabara, wala hawakumwuliza. Yeye akafariki tarehe 4 Oktoba mwaka huo huo, umri wake miaka 31. Seli zake hazikufa. Zikawa zaongezeka maradufu kwa muda kama wa siku moja, jambo ambalo seli za watu wengine zilikuwa hazijaliweza katika chupa. Zikatumika kuijaribu chanjo ya polio, zikasambazwa ulimwenguni, zikauzwa.

Watoto wake hawakujua neno lo lote mpaka miaka zaidi ya 20 imepita, watafiti walipokuja kuwatoa wao damu. Binti yake Deborah alidhani anapimwa saratani iliyomwua mama yake, akawa angoja majibu, na majibu hayakuja. Walioumba dawa kwa seli za mama yao walistawi, na wao wenyewe hawakuwa na fedha za bima ya kumwona daktari. Deborah alifariki mwaka 2009, kitabu hakijatoka. Ilikuwa mwaka 2023 ndipo warithi walipopatana na kampuni moja iliyokuwa ikiziuza seli hizo.

Niliposoma habari za Deborah akingoja majibu nilikifunga kitabu. Nilimkumbuka mtu.

Mwaka uliotangulia, mama mmoja alikuja kituoni kwetu akiwa na mtoto mgongoni, akanikuta nimesimama mlangoni. Akasema, "Daktari, ile damu ya mwanangu mliyoichukua wakati wa masika, mliifanyia nini?" Mimi si daktari wa kutibu, wala sikumsahihisha. Nikamjibu, "Imo katika utafiti, mama, usiwe na wasiwasi." Akasimama kidogo kama mtu anayengoja maneno mengine. Mimi nikaingia ndani. Na fomu yake ilikuwa kamili, alitia kidole gumba mbele ya muuguzi, hakuna aliyemwibia kitu. Katika makala zetu sisi huandika "sampuli zilichukuliwa." Ni maneno mafupi mazuri. Hayasemi zilichukuliwa kwa nani, wala kama huyo mtu aliwahi kurudi kuuliza.

Nikamwendea mkuu wangu wa kazi nikamwomba twende vijijini tukawaeleze wazazi tulichokiona. Alisema ni jambo jema lakini halimo katika bajeti. Mwisho alikubali tutumie gari siku mbili. Tulikwenda mimi na muuguzi anayewajua watu wa kule, tukakaa na wazazi chini ya mwembe, tukawaeleza: watoto wangapi tuliwakuta na vimelea, dawa gani waliyopewa siku ile ile, na ya kuwa damu iliyobaki tumeiweka katika friji lenye baridi kali ili tuipime tena siku za mbele. Wengi walifurahi. Mzee mmoja alitaka kujua kama friji hilo hukatikiwa umeme. Tulimweleza habari za jenereta, naye akaonekana kuifahamu vyema shida yetu.

Yule mama alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nikisema sitaki ikae, itakuwaje?"

Nikasema, "Tutaiteketeza, mama."

"Basi iteketezeni."

Muuguzi alijaribu kumbembeleza, nikamwashiria aache. Tuliporudi nilivitafuta vichupa viwili vyenye namba ya mtoto wake, nikavichoma pamoja na taka za maabara, nikaandika tarehe katika daftari. Sitasema sikuumia. Mtoto yule alikuwa mmoja wa wale tuliotaka sana kuwapima mara ya pili. Mwenzangu mmoja kazini aliniambia nimekwenda kujitafutia hasara kwa miguu yangu mwenyewe, na mpaka leo sijapata jibu la kumpa likatosha.

Cha mwisho nilikisoma wakati wa likizo, kijijini kwetu kando ya Ghuba ya Mwanza. Ni Darwin's Dreampond cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyefika Mwanza miaka ya 1980 kuchunguza furu wa Ziwa Victoria. Kiliandikwa kwanza kwa Kiholanzi, kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1996. Ninyi mnaokula dagaa na sangara huenda furu hamkumwonja. Ni samaki mdogo mwenye miiba mingi, lakini aina zake zilikuwa zaidi ya 500, na karibu zote hazipatikani mahali pengine duniani. Wako waliovunja konokono kwa meno ya kooni, wako waliokula magamba ya wenzao. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, akakaa kimya, na miaka ya 1980 akaongezeka ghafla. Mwandishi alikuja kuhesabu furu, akajikuta anahesabu wanaotoweka. Yakadiriwa aina kama 200 hazikuonekana tena, ingawa baadhi ya waliosalia wameongezeka baadaye.

Baba yangu alikuwa mvuvi. Jioni nilimsomea kitabu hicho, nikikigeuza Kiswahili nikisoma. Nilipofika kwa furu jike anayetunza mayai na watoto kinywani, alinikatiza. "Huyo twamjua. Ukimbana kidogo watoto wanamwagika ndani ya mtumbwi." Nikamsomea habari za furu mwingine, yule anayewavamia majike ili wateme watoto, awale. Akanyamaza, kisha akasema huyo hakumjua, ila aliwahi kuona majike wametema watoto wao majini bila sababu, akastaajabu. Alikuwa amestaajabu miaka arobaini.

Nikamsomea na habari za sangara. Alisikiliza bila kunitazama.

"Huyo Mholanzi amesema kweli," akasema. "Lakini ada yako ya shule, mwanangu, ililipwa na sangara. Godoro lako la bweni, sangara. Amelisema na hilo?"

Nikamwambia kwamba ameandika jinsi wavuvi walivyopata riziki, na viwanda vilivyojengwa Mwanza kukata minofu ya kupeleka Ulaya. Ada yangu hakuiandika.

Baba akacheka. Akavuta kiti chake karibu na taa, akasema nimrudie pale penye samaki wanaovunja konokono, nisome polepole, maana anataka kukumbuka rangi yao.