Mashahidi Wawili wa Mji

Kila mji una mashahidi wawili. Wa kwanza ni picha, na wa pili ni kumbukumbu ya mtu aliyekaa ndani yake. Picha huona mara moja tu, kisha haibadili neno lake. Kumbukumbu huona siku zote, walakini kila ikiulizwa huongeza kidogo ama hupunguza kidogo. Picha ina macho na haina ulimi. Kumbukumbu ina ulimi, lakini macho yake huingia ukungu. Katika nchi ya Uingereza mashahidi hawa wamekuwa wakikusanywa kwa muda wa zaidi ya miaka mia na hamsini, na mtu atakaye kujua jinsi wanavyosaidiana na jinsi wanavyopingana atapata mifano mingi katika miji na vijiji vya nchi hiyo.

Mwaka 1860 Francis Frith, mzaliwa wa Chesterfield, alianzisha kazi ya picha katika mji wa Reigate, kusini ya London. Alikuwa amekwisha safiri Misri na Palestina pamoja na kamera yake, na picha alizorudi nazo zilimpa sifa kubwa. Sasa akaigeukia nchi yake mwenyewe, mji baada ya mji, na kijiji baada ya kijiji. Kazi ilipomzidi nguvu aliajiri wapiga picha wengine. Naye alipofariki mwaka 1898 jamaa zake waliiendeleza. Hata shughuli hiyo ilipokoma, yapata mwaka 1970, hazina yake ilikuwa imefika picha zaidi ya laki tatu.

Hapana shaka biashara ndiyo iliyomtuma. Reli ilikuwa imefungua njia za matembezi, na msafiri alitaka kurudi nyumbani na ushahidi wa mahali alipokwenda. Mwaka 1894 Posta ya Uingereza iliruhusu watu wachapishe kadi zao wenyewe na kuzibandika stempu. Na mwaka 1902 iliruhusu maneno na anwani viandikwe upande mmoja, ili upande wa pili uachiwe picha peke yake. Tangu hapo stempu ya nusu peni ilitosha kuupeleka mji mzima nyumbani kwa rafiki. Hata kijiji kisicho na fahari yoyote, chenye kanisa, baa moja na kidimbwi cha bata, kilipata mpiga picha wake, kwa sababu kilikuwa na wanunuzi. Hivyo tamaa ndogo ya faida ilifanya kazi ambayo wanahistoria wasingaliweza kuigharimia.

Lakini msomaji akizitazama picha za kwanza za miji hiyo atastaajabu. Njia kuu ya mji wa biashara, mchana kweupe, ni tupu kama njia ya makaburini. Je, watu walikuwa wapi? Walikuwepo. Siku zile bamba la kioo lilipakwa dawa, likatiwa katika kamera na kuoshwa lingali bichi, na mpiga picha alichukua giza lake mwenyewe, yaani hema ndogo nyeusi, kila alikokwenda. Bamba hilo lilikuwa zito wa kupokea nuru, lilidai kungoja. Nyumba ilingoja, mti ulingoja, na mzee aliyeegemea mlango wake alingoja. Hao wote waliandikwa. Mwokaji mikate aliyepita na kapu lake, mtoto aliyekimbia, mama aliyevuka njia kwenda kisimani, wote hao waliacha alama kama moshi, ama hawakuacha alama yoyote. Picha humkumbuka aliyesimama, na humsahau aliyepita. Mabamba makavu, yaliyoenea karibu na mwaka 1880, yaliharakisha kazi, na watu wakaanza kurudi njiani; ila kwa miaka ya kwanza hasara ilikuwa imekwisha tendeka.

Hapo ndipo shahidi wa pili anapohitajiwa, kwa maana kumbukumbu hupenda wapitao. Mzee akionyeshwa picha ya njia aliyokulia hasemi habari za madirisha wala matofali. Husema: hapa alipita muuza maziwa na mtungi wake, pale farasi walitiwa viatu, na sisi watoto tulisimama kutazama cheche, nyumba ile ilikuwa na mbwa mkali. Mwaka 1948 George Ewart Evans, mwandishi mzaliwa wa Wales, alihamia Blaxhall, kijiji cha Suffolk, mashariki ya Uingereza. Jirani zake wazee walikuwa wamezaliwa katika karne iliyotangulia. Walikuwa wamechunga kondoo, wamekata ngano kwa mkono, na wameoka mikate katika matanuri ya nyumbani. Evans aliwasikiliza kwa subira, na mwaka 1956 alitoa kitabu, Ask the Fellows Who Cut the Hay, kutokana na maneno yao. Penye wazee haliharibiki neno. Picha ya shamba lililovunwa huonyesha wanawake walioinama. Haiwezi kusema kwamba wanaokota masazo ya mavuno, kwamba katika vijiji vingi vya upande huo kengele ya kanisa iliwaambia saa ya kuingia shambani na saa ya kutoka, wala kwamba unga wa msimu wa baridi kwa watoto wao ulitegemea kuinama kule.

Pamoja na hayo, kumbukumbu haifai kuaminiwa kama hakimu. Wahenga walisema kwamba ya kale hayanuki, na neno hili ni kweli kwa namna mbili. Kwanza, picha ya kale haina harufu: samadi ya farasi, moshi wa makaa ya mawe na mitaro ya maji machafu vyote vimebaki nje ya kioo. Pili, moyo wa mtu huosha ulichokipenda. Aliyeacha kijiji akiwa kijana hukumbuka maua ya mlangoni, akasahau ukuta uliotoka maji na chumba kimoja kilicholaza watoto sita. Ukipenda, chongo huita kengeza; na hapana kipendwacho kwa upofu zaidi ya mahali pa utotoni.

Habari ya Coventry ni mfano mzuri. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Wajerumani ziliupiga mji huo mabomu, watu zaidi ya mia tano wakafa, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli likaungua mpaka likabaki kuta na mnara. Msiba huo ulikuwa mkubwa hata ukameza kila hasara nyingine. Mtu akionyeshwa picha ya Butcher Row, njia nyembamba yenye nyumba za mbao ambazo ghorofa zake za juu zilikaribia kugusana, ni wepesi kusema kwamba mabomu ndiyo yaliyoivunja. Sivyo. Butcher Row ilibomolewa mwaka 1936, wakati wa amani, kwa amri ya watawala wa mji wenyewe, ili barabara mpya, Trinity Street, ipate nafasi. Nayo ilifunguliwa mwaka 1937. Picha yenye tarehe hukata shauri hili kwa neno moja. Ni rahisi kumtwika adui mzigo wote. Picha hukumbusha kwamba mji huweza pia kujeruhiwa na wenyewe, mchana, kwa nia njema na kwa nyundo zilizolipiwa.

Hata hivyo picha nayo ina lawama yake. Haisemi uongo kwa kawaida, lakini huchagua la kusema. Mwenye kuuza kadi alielekeza kamera penye kanisa, daraja, njia kuu na ufuko wa bahari. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi hapakuwa na mnunuzi. Mwaka 1897 Sir Benjamin Stone, Mbunge kutoka Birmingham, aliongoza chama cha kuweka kumbukumbu za taifa kwa picha, kilichodumu mpaka mwaka 1910. Chama hicho hakikutafuta faida; picha zake ziliwekwa katika British Museum kwa ajili ya vizazi vijavyo. Walakini hata jicho lisilouza lilivutwa na majumba ya kale na desturi zilizokuwa zikitoweka kuliko maisha ya kila siku. Kijana wa leo akihesabu picha atadhani kwamba Waingereza wa zamani hizo walikuwa na minara mingi kuliko majiko.

Faida ya mashahidi hawa hupimwa vema zaidi pale mahali penyewe palipoondoka. Dunwich, katika pwani ya Suffolk, ilikuwa bandari kubwa katika karne za kati. Tufani na mawimbi yakaila kidogo kidogo. Kanisa lake la Watakatifu Wote lilifika ukingoni mwa bahari mwaka 1904, na mnara wake ukaanguka mwaka 1919. Picha za miaka hiyo, zikipangwa kwa taratibu, humwonyesha mtazamaji kanisa likitembea kuelekea baharini. Ajuaye habari hutambua kwamba kanisa lilisimama pale pale. Nchi ndiyo iliyotembea.

Derwent, kijiji cha Derbyshire, kilizamishwa na watu. Bwawa la Ladybower lilijengwa kati ya mwaka 1935 na mwaka 1943 ili miji mikubwa ya jirani ipate maji. Wafu walifukuliwa wakazikwa upya Bamford. Mnara wa kanisa uliachwa usimame majini kuwa ukumbusho, kisha mwaka 1947 ukavunjwa kwa baruti. Daraja la mawe la zamani lilipata bahati: lilifunguliwa jiwe kwa jiwe, kila jiwe likatiwa namba yake, na baadaye likajengwa tena juu zaidi katika bonde hilo. Mwaka 2018 ukame ulipopunguza maji, mabaki ya kijiji yalionekana, na watu wengi wakaenda kuyatazama. Waliona mawe. Kati ya waliotazama, ni wachache walioweza kusema ni jiwe la mlango wa nani.

Tyneham, katika Dorset, hakikuzama wala hakikuliwa na bahari. Mwezi Desemba 1943 jeshi lililihitaji bonde hilo kwa mazoezi ya vita, na watu 225 waliambiwa wahame kabla ya Krismasi. Waliacha barua penye mlango wa kanisa, wakiomba majumba yao yatunzwe kwa sababu wangerudi. Hawakurudi, vita vilikwisha, na mwaka 1948 ardhi ilichukuliwa moja kwa moja. Leo mgeni huruhusiwa kuingia siku nyingi za mwisho wa juma. Hukuta nyumba zisizo na paa, na ndani ya kuta zake habari na picha za jamaa waliokaa humo. Picha peke yake ingalimwonyesha mtu aliyevaa kofia. Gofu peke yake lingalimwonyesha mawe. Jina linalowekwa kati yao huyafanya mawe kuwa nyumba, na mwenye kofia kuwa mwenye nyumba. Walioondoka wakiwa watoto walikuja kuwa wazee sana, na wengi wamekwisha fariki. Kila alipokufa mmoja wao, baadhi ya nyuso katika picha hizo zilipoteza majina yao milele, ingawa wino wa picha haukufifia hata chembe.

Kwa hiyo hatari ya kweli haimo katika karatasi. Kioo cha Frith kikihifadhiwa penye giza na ukavu kitadumu kuliko aliyekipiga. Mwanadamu hakai hivyo. Mwanachuo atakaye kuisaidia historia ya mahali hana haja ya kungoja kamera bora, wala fedha, wala ruhusa ya mkubwa. Na achukue picha iliyopo, akae karibu na mzee aliyepo, aulize ni nani, ni wapi, ni mwaka gani. Kisha aandike jibu nyuma ya picha, pamoja na jina la aliyejibu, ili atakayekuja aweze kulipima. Maneno hayo machache ni kama namba zilizotiwa juu ya mawe ya daraja la Derwent. Mawe yenye namba yalipobomolewa yaliweza kujengwa tena yakawa daraja; mawe yasiyo na namba yangalibaki chungu ya mawe, na wapitaji wangaliyaruka bila kujua kwamba zamani watu walivukia hapo.