Freehold, mji ambako baba alikaa jikoni bila taa

Ukitoka New York kwa gari na kuelekea kusini, baada ya zaidi kidogo ya saa moja unafika Freehold, mji mdogo katika jimbo la New Jersey, Marekani. Ni makao makuu ya kaunti ya Monmouth. Kuna mahakama, mtaa mkuu wenye maduka na migahawa, makanisa, na nyumba za mbao zilizokaribiana. Hakuna mlima wala maporomoko ya kumfanya mgeni atoe simu apige picha. Hata hivyo wageni huja, na wengi wao huulizia mitaa mitatu: Randolph, Institute na South.

Katika mitaa hiyo ndipo alipokulia Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki aliyezaliwa Septemba 23, 1949, ambaye kwa zaidi ya miaka 50 amezunguka dunia akijaza kumbi na viwanja vya mpira. Jukwaani ni mtu wa kuruka, kucheka na kupiga gita saa tatu mfululizo. Julai 31, 2012, jijini Helsinki nchini Finland, alitumbuiza kwa zaidi ya saa nne, akiwa na umri wa miaka 62.

Mtu huyohuyo ameishi na sonona kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima. Aliieleza kwa kirefu mwaka 2016 katika kitabu cha maisha yake, Born to Run. Kwa mzazi, mitaa ya Freehold inafundisha jambo moja: ugonjwa usiotajwa ndani ya nyumba hauishii kwa anayeumwa. Mtoto naye hubaki nao.

Nyumba iliyogeuka maegesho

Nyumba ya kwanza, ya mtaa wa Randolph, haipo tena. Palipokuwa na sebule ya bibi yake sasa ni maegesho ya magari ya kanisa la St. Rose of Lima. Mbele ya nyumba hiyo kulikuwa na mti mkubwa wa kivuli ambao Bruce alicheza chini yake. Nao ulikatwa, yakabaki mizizi. Enzi hizo mvua ikinyesha mji mzima ulinuka kahawa, kwa sababu ya kiwanda cha Nescafé kilichokuwa pembeni ya mji.

Bruce, wazazi wake, babu na bibi waliishi pamoja hapo, na nyumba hiyo ilikuwa na msiba wa zamani. Mwaka 1927, shangazi yake Virginia, akiwa na miaka mitano tu, aligongwa na lori akiendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu hapo mjini, akafariki. Bibi yake, Alice, alizama katika huzuni kiasi cha kushindwa kumtunza mtoto wake wa kiume, Douglas, ambaye alipelekwa kwa ndugu kwa muda. Douglas ndiye baba yake Bruce. Mjukuu alipozaliwa, bibi alimkumbatia kana kwamba amerudishiwa aliyempoteza. Bruce alidekezwa na bibi huku baba akitazama pembeni.

Nyumba mbili nyingine, za Institute na South, bado zipo na zinakaliwa na watu. Mgeni mwenye adabu husimama ng'ambo ya barabara, akatazama, akaendelea na safari yake. Si za kubishiwa hodi.

Baba jikoni

Douglas Springsteen alifanya kazi nyingi: kiwanda cha mazulia, kiwanda cha magari ya Ford, ulinzi wa gereza, udereva wa basi. Hakuna iliyodumu. Jioni alizima taa zote, akakaa peke yake jikoni na bia na sigara. Kijana akirudi usiku ilimbidi apite hapo, gizani, akiwa hajui kama leo atapita salama au ataanzishiwa ugomvi. Siku nyingi hawakuzungumza kabisa. Siku walizozungumza, waligombana.

Baadaye sana madaktari walibaini kwamba baba huyo alikuwa na ugonjwa wa akili. Lakini katika Freehold ya miaka ya 1950 na 1960 hakuna aliyewaeleza watoto hivyo. Mtoto alichokiona ni baba asiyempenda. Akabaki anajiuliza amekosea nini.

Aliyeshikilia nyumba alikuwa mama, Adele, katibu katika ofisi ya sheria, ambaye aliamka kila asubuhi, akavaa vizuri na kwenda kazini. Ndiye aliyekopa fedha kumnunulia mwanawe gita la umeme. Adele alifariki Januari 2024 akiwa na miaka 98, na hadi uzeeni mwanawe alimwita jukwaani wacheze pamoja.

Bahari ya Asbury Park

Kutoka Freehold hadi pwani ni chini ya kilomita 30. Huko kuna Asbury Park, mji wa ufukweni wenye njia pana ya mbao ya kutembelea kando ya Atlantiki, vibanda vya vyakula, na ukumbi wa Stone Pony uliofunguliwa mwaka 1974. Ghasia za Julai 1970 ziliuacha mji huo na majengo matupu kwa miongo kadhaa. Leo hoteli na migahawa imerudi, na treni kutoka New York inasimama hapo.

Bruce alijifunzia jukwaa katika klabu za pwani hii. Mwaka 1969 wazazi wake walihamia California, yeye akiwa na miaka 19 akabaki. Albamu yake ya kwanza, ya mwaka 1973, ilibeba jina la Asbury Park. Muziki ulimfanyia kile ambacho nyumbani hakukipata: watu walimtazama na kumwitikia. Lakini onyesho huisha, taa huzimwa, na mwanamuziki hurudi chumbani peke yake. Kwa miaka mingi dawa yake ilikuwa kupanda jukwaani tena kesho yake.

Kaseti ya Colts Neck

Katikati ya Freehold na bahari kuna Colts Neck, eneo la mashamba na farasi. Ziara yake ya mwaka 1980 na 1981, yenye maonyesho takriban 140, ilipomalizika, Bruce alipanga nyumba hapo kando ya bwawa. Januari 1982 alikaa chumbani na kinasa sauti kidogo cha kaseti, akarekodi nyimbo za watu waliokata tamaa. Kaseti hiyo aliitembeza mfukoni. Walijaribu kuzirekodi upya na bendi, ikashindikana, na hatimaye kaseti yenyewe ndiyo iliyotolewa Septemba 1982 kama albamu ya Nebraska. Hakufanya ziara kwa ajili yake.

Katika miaka hiyo alikuwa na tabia asiyoweza kuieleza. Usiku aliendesha gari hadi Freehold, akapita polepole mbele ya nyumba za utotoni, kisha akaondoka. Alirudia mara nyingi. Mwaka 1990 aliwasimulia watazamaji mjini Los Angeles kwamba alimuuliza daktari wake wa akili maana ya safari hizo. Daktari alimwambia kwamba huko nyuma kuna jambo lililoharibika, na yeye hurudi akidhani anaweza kulirekebisha. Akamwambia pia kwamba hawezi.

Mwaka huohuo wa 1982 yeye na rafiki yake walivuka Marekani kwa gari kuelekea Los Angeles. Jioni moja wakapita mji mdogo wa Texas uliokuwa na sherehe. Bendi ilikuwa ikipiga, wenyeji wakicheza, watoto wakikimbizana. Hakuna lililomkera, hakuna aliyemkosea, lakini alipowatazama watu wale wakiwa pamoja alizidiwa na huzuni ambayo hakuweza kuizuia. Alipofika Los Angeles hali ilikuwa mbaya. Akampigia simu Jon Landau, meneja na rafiki yake. Landau hakumwambia ajikaze. Alimwambia anahitaji daktari, na msaada ukatafutwa mara moja.

Matibabu hayakumwibia kipaji. Miaka miwili baadaye alitoa Born in the U.S.A., albamu yake iliyouza kuliko zote.

Jiko lenye taa

Mwaka 1990 Bruce alikuwa akiishi Los Angeles na mwenzake, Patti Scialfa, wakisubiri mtoto wa kwanza. Siku chache kabla ya mtoto kuzaliwa, mzee Douglas alitokea mlangoni bila taarifa, akiwa ameendesha gari mwenyewe kutoka kaskazini mwa California. Akamwambia mwanawe kwamba amekuwa mwema sana kwao, na kwamba yeye kama baba hakuwa mwema kwake. Hayo tu. Bruce, ambaye baadaye alikisimulia kisa hicho katika maonyesho yake ya Broadway, anayachukulia maneno hayo kuwa zawadi kubwa aliyowahi kupewa na baba yake. Mzee alifariki mwaka 1998.

Familia ilirudi New Jersey, katika kaunti ileile ya Monmouth, kulea watoto watatu. Bruce, kama wanamuziki wengi, alizoea kulala hadi mchana. Patti alimwonya kwamba asubuhi ndiyo saa nzuri ya watoto na kwamba akiikosa atajuta. Akajifunza kuamka na kupika kifungua kinywa. Watoto wake walimkuta jikoni asubuhi, taa ikiwaka, kikaango kikiwa jikoni.

Ugonjwa haukuisha. Baada ya kutimiza miaka 60 ulimrudia kwa nguvu, ukatulia kama mwaka mmoja, ukaja tena alipofika 63. Onyesho lile refu la Helsinki liliangukia kwenye kipindi cha nafuu. Katika siku mbaya alilia bila sababu na kushindwa kutoka kitandani. Ni Patti aliyempeleka kwa madaktari na kusisitiza apewe dawa. Ameeleza wazi kwamba dawa na tiba ya mazungumzo vimemsaidia kuendelea kuishi na kufanya kazi.

Kwa mzazi

Sonona huweza kutembea katika ukoo, lakini si hukumu. Mwenye baba au bibi aliyeumwa ana hatari zaidi, basi awe mwepesi zaidi wa kutafuta msaada. Huzuni, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kukosa hamu ya vitu unavyovipenda, kujitenga, na kwa wanaume wengi hasira za kila mara, zikizidi wiki mbili, ni sababu ya kwenda hospitali. Mawazo ya kutaka kufa hayasubiri wiki mbili. Ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Mtoto naye aambiwe. Hahitaji maelezo marefu. Inatosha ajue kwamba baba anaumwa, kwamba si yeye aliyemkosea, na kwamba baba anatibiwa. Mtoto wa mtaa wa Randolph aliyasubiri maneno ya namna hiyo hadi alipokuwa na miaka 40.