Mpimaji wa Mabomba

Katika nyumba kubwa kuna vitu vingi visivyoonekana. Maji hupita ndani ya ukuta, umeme vilevile. Hewa nayo ina njia zake juu ya dari. Fundi anaviweka, mwashi anavifunika kwa simenti, basi vimepotea machoni. Nani atajua yaliwekwa mabomba mangapi?

Yuko mtu mmoja ambaye kazi yake ni kujua. Ni mpimaji. Hashiki nyundo wala mwiko. Anachukua rula na daftari, anaisoma ramani ya nyumba. Mara nyingi santimetre 1 ya karatasi ni metre 1 ya ukuta. Mstari wa santimetre 12 ni bomba la metre 12. (Siku hizi wengi hupima kwa kompyuta, lakini hesabu ni ile ile.) Anahesabu kona za mabomba moja moja, na robine, na taa. Kila kitu anakiandikia bei, ili mwenye nyumba ajue mapema kama fedha yake itatosha.

Halafu anakwenda penye kazi. Huko lazima amtangulie mwashi. Ukuta ukiisha kufunikwa, fundi atasema: «Nimeweka metre 60.» Mwenye nyumba atajibu: «Hapana, ni 40.» Metre 20 hizo ni mshahara wa watu! Akiandika pungufu, fundi ananyimwa haki yake. Akizidisha, mwenye nyumba anaibiwa. Wako wanaomletea zawadi ili kalamu iteleze.

Tena ni hatari kuhesabu nyumba kabla ya kujua yatakayofichwa ndani yake. Mwaka 1834 nyumba ya Bunge la Uingereza iliungua, huko London. Charles Barry akachora nyumba mpya. Ikahesabiwa miaka 6 na pauni karibu 725.000. Baadaye akaitwa David Boswell Reid, mwalimu wa kemia, alete hewa safi. Reid akataka njia za hewa pande zote, hata mnara katikati wa kutolea hewa chafu. Hayo hayakuwamo katika hesabu ya kwanza. Wakagombana sana. Mwaka 1852 Reid aliondolewa, lakini mnara umesimama hata leo. Kazi ilipita miaka 30, na fedha ilipita pauni milioni 2. Si hewa peke yake iliyoila, lakini ilikula fungu lake.

Leo wako wapimaji wasiohesabu matofali hata moja. Wao ni mabomba, nyaya na hewa tu.