Mzazi Ugenini

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu nchini Uswidi, wazazi kutoka Kongo na Burundi waliniomba mara kwa mara niwasomee barua za shule. Nyingi zilihusu nguo za baridi au kikao cha walimu. Hata hivyo, kila bahasha ilifunguliwa kwa hofu ileile: kwamba serikali itawanyang'anya watoto wao.

Mwaka 1979 Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani. Kinachosahaulika ni namna ilivyofanya hivyo. Sheria ile haikuambatana na adhabu mpya, bali elimu: kijitabu kilisambazwa majumbani na kutafsiriwa kwa lugha kadhaa, na ujumbe ukachapishwa kwenye pakiti za maziwa ili familia ijadiliane mezani.

Mzazi mgeni mara nyingi hupewa katazo tu. Huambiwa asichape, haambiwi afanye nini badala yake. Mtoto, aliyeijua lugha mapema, hugeuka mkalimani wa baba yake mbele ya mwalimu, na mamlaka ya nyumba huhama kimyakimya. Baba huyo akinyamaza, hajaafiki. Amekata tamaa ya kulea.

Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo haikutaja fimbo. Yamkini tafsiri ya barua ni nusu ya msaada. Nusu ya pili ni kumwonyesha mzazi kwamba bado anaweza kusema "hapana", na mwanawe akasikia.