Chungu, Kreti na Maksai wa Kulima

Miaka ya themanini, shamba la mtu wa Tarime lililimwa kwa pombe. Mama mwenye nyumba aliotesha ulezi, akaukausha, akausaga na kupika. Siku ya kazi majirani walifika alfajiri na plau zao na maksai wao, wakalima mpaka jua likawa kali, kisha wazee wakaketi kuzunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake. Malipo yalikuwa ni chungu chenyewe, na aliyelimiwa leo kesho alipeleka ng'ombe wake kwa jirani.

Kisha ikaja kreti. Kreti ya bia ilikuwa na chupa 25 za nusu lita, tano kwa tano, tofauti na ya soda yenye 24. Chungu hakikuwa na hesabu, chupa inayo. Wenye jozi za maksai watano walipata chupa tano kila mmoja, na mvulana aliyetangulia mbele akiongoza ng'ombe, ambaye zamani alishibishwa ugali na maziwa, hakuwa na fungu. Watu wakaanza kuuliza wapewe ngapi kwa ekari, na punde wakaona ni heri fedha taslimu. Leo kuna kreti za chupa 20 pia, lakini mtindo wa kulimiwa kwa kreti ulishafifia.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliwapenda maksai kuliko pombe yote hiyo. Nyumbani kwao walikuwapo Sajini na Koplo. Majina hayo hayakushangaza mtu, kwani Wakurya wengi wa Tarime walikuwa askari tangu enzi ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza. Jina lilipaswa kuwa fupi, lenye kusikika upande wa pili wa shamba.

Sajini alitembea ndani ya mfereji, upande wa kulia. Nafasi hiyo hupewa ng'ombe mtulivu, kwa sababu yeye ndiye anayenyoosha mstari. Koplo alikuwa mkali; alihasiwa akiwa amekomaa, nundu yake ikiwa nene tayari na tabia ya ubabe imeshaota mizizi. Dume akihasiwa mapema hutulia, hupunguza ugomvi, na hufundishika haraka akifungwa nira pamoja na mkongwe. Wafugaji wa Tarime waliyajua haya bila kusoma kitabu chochote.

Farasi wa kufanya kazi hiyo hawakuwapo. Mbung'o na ugonjwa wa nagana wanaoueneza viliwazuia wanyama hao katika sehemu nyingi za mkoa wa Mara. Hata kwa farasi, hata hivyo, kanuni ya kuhasi ni ileile: farasi dume asiyehasiwa hufadhaika upesi akinusa jike, kwa hiyo wapandaji wengi duniani hupendelea aliyehasiwa.

Trekta na pawatila, zilizopigiwa debe sana na mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza tangu mwaka 2009, zimewapunguzia maksai kazi. Lakini mashine hutaka mafuta na vipuri, na kipande cha ekari moja kwenye mteremko huisumbua. Maksai hula majani, samadi yake hurudi shambani, na akizeeka bado ana bei mnadani.

Kwa hiyo kijana wa Tarime mwenye madume wawili zizini asikimbilie kuwauza. Awahasi wangali wadogo kwa msaada wa mtaalamu wa mifugo, awape majina mafupi, awafunge nira msimu mmoja, ndipo aamue.