Barua kutoka Tokyo: Mikono ya Ryu na Kipimo cha Sanamu za Viungo

Akihabara, mtaa wa wilaya ya Chiyoda jijini Tokyo, ulijulikana baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwa vipuri vya redio vilivyouzwa vibandani karibu na kituo cha reli, kisha kwa majokofu na televisheni, kisha kwa kompyuta, na leo unajulikana zaidi kwa wahusika wa katuni na wa michezo ya video, ambao huuzwa humo wakiwa wamechapwa vitabuni, wameshonwa kwenye mito au wamefinyangwa kwa plastiki. Mwafrika Mashariki anayeishi mjini humu, awe amekuja kwa masomo au kwa biashara ya magari yaliyotumika, hawezi kukaa muda mrefu bila kupita mbele ya madirisha hayo, na mara nyingi hukuta nyuma ya kioo sura aliyoifahamu utotoni katika kibanda cha gemu cha mtaani kwao. Barua hii inahusu aina moja tu ya bidhaa hizo, nayo ni sanamu ya viungo, yaani sanamu ndogo ya mhusika iliyoundwa kwa vipande vinavyoungana kwenye bega, kisugudi, nyonga, goti na kwingineko, ili mwenye nayo aweze kuikunja na kuisimamisha katika mkao autakao.

Asili ya sanamu hizo si Japani. Kampuni ya Kimarekani ya Hasbro ilianza mwaka 1964 kuuza askari wa plastiki aliyeitwa G.I. Joe, mwenye urefu wa takriban sentimita 30 na sehemu 21 za kujongea, na kwa kuwa iliaminika kwamba wavulana wasingekubali kucheza na mwanasesere, ilibidi bidhaa hiyo itafutiwe jina jingine. Takara, kampuni ya Tokyo, ilitumia umbo la askari huyo kuunda Henshin Cyborg mwaka 1972, na mwaka 1974 ikatoa Microman, ambaye alipunguzwa hadi kufikia sentimita kumi hivi, kimo kilichofaa zaidi nyumba finyu za Kijapani. Hatua iliyozaa soko la sasa ilichelewa sana. Mwaka 2006 kampuni ya Kaiyodo ilileta mfululizo wa Revoltech, ambao maungio yake yana meno ndani na hutoa mlio mdogo kila yanapozungushwa, na miaka miwili baadaye ikaja mifululizo miwili inayotawala rafu hadi leo, yaani figma ya kampuni ya Max Factory na S.H.Figuarts ya Bandai. Sanamu nyingi za mifululizo hiyo hufuata kipimo cha takriban 1/12, maana yake mtu wa kawaida hupunguzwa hadi sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo chake, jambo linaloifanya sanamu iwe na sentimita 13 hadi 15.

Swali linalostahili kuulizwa kuhusu vitu hivi ni namna ya kuvipima ubora, kwa sababu majibu yanayotolewa na wengi hayatoshi. Wapo wanaoitazama sura peke yake, wakaipongeza sanamu kwa macho yaliyochorwa vizuri na nywele zilizochongwa kwa makini. Wapo pia wanaohesabu maungio, kana kwamba yenye 30 lazima izidi yenye 24. Vigezo hivyo vyote viwili vinasahau tofauti iliyopo kati ya mhusika wa mchezo wa video na mhusika wa filamu au wa kitabu. Mhusika wa filamu hujulikana kwa uso wake na kwa maneno yake, ilhali mhusika wa mchezo, hasa wa miaka ya 1980 na 1990, alikuwa na uso wa vidoti vichache vya rangi na pengine hakusema neno lolote, hivi kwamba mchezaji alimtambua kwa mwendo: jinsi anavyoruka, anavyopiga, anavyosimama akingoja amri. Kwa hiyo sanamu yake inapaswa kuhukumiwa kwanza kwa kuangalia kama inaweza kufanya kile ambacho vidole vya mchezaji vilimfanyisha, na mambo mengine yote, rangi zikiwemo, yafuate baada ya hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Ryu wa Street Fighter, mchezo uliotolewa na Capcom, kampuni ya Osaka, mwaka 1987. Pigo lake mashuhuri ni Hadoken, ambalo humtaka avute mikono yote miwili hadi ubavuni, kisha aisukume mbele huku vifundo vya mikono vikigusana na viganja vikitazama mbele, ili mpira wa nguvu utoke katikati yake. Msomaji anaweza kulijaribu pigo hilo akiwa kitini, na atahisi mara moja kwamba haliwezekani kwa kuinua mikono tu, kwani mabega yenyewe husogea mbele na kifua hubonyea. Plastiki haibonyei. Sanamu yenye bega la kawaida, lililoundwa kwa gololi inayozunguka ndani ya tundu, itanyoosha mikono miwili iliyo sambamba kama ya mtu aliyebeba sinia, na vifundo havitakutana kamwe, hasa kwa mtu mwenye kifua kipana kama Ryu. Ndiyo sababu mafundi huongeza kiungo kingine ndani ya kifua, nyuma ya bega, ambacho wakusanyaji hukiita cha kipepeo kwa kuwa huyapeleka mabega mbele na nyuma mithili ya mbawa, ingawa kila ufa unaoongezwa kifuani kwa ajili yake huharibu kidogo umbo la misuli mkono unapokuwa umetulia. Ryu amekwisha kuundwa na Bandai, na Storm Collectibles ya Hong Kong, na tangu mwaka 2023 na Jada Toys ya Marekani, ambayo ilimuuza kwa takriban dola 25 wakati washindani wake walikuwa wakidai maradufu au zaidi; anayetaka kuwalinganisha aanzie kwenye vifundo hivyo viwili vya mikono kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Kipimo hichohicho hutoa masharti tofauti kwa kila mhusika. Mario, aliyeonekana kwanza katika Donkey Kong mwaka 1981, huruka akiwa ameinua ngumi moja, lakini mikono yake ni mifupi na kichwa chake ni kikubwa, kwa hiyo fundi asipokuwa mwangalifu ngumi huishia kwenye ukingo wa kofia, na Mario asiyeweza kupiga tofali lililo juu ya kichwa chake ana kasoro kubwa hata akipakwa rangi kwa ustadi wa namna gani. Sonic wa Sega ana miguu myembamba chini ya kichwa kizito chenye miiba inayoelekea nyuma, hivyo tatizo lake ni mizani. Samus wa Metroid huvaa deraya yenye mabega ya duara makubwa kama kichwa chake, ambayo yasipopewa maungio yake yenyewe huuzuia mkono kuinuka na kulenga bunduki. Katika vibanda vya gemu vya Afrika Mashariki, ambako Tekken 3 ilichezwa kwa miaka mingi baada ya kutoka, vijana wengi wanamkumbuka Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa capoeira, mchezo ambao asili yake inahusishwa na watumwa waliotolewa Afrika; mhusika wa aina hiyo angemlazimisha fundi aunde kifundo cha mkono chenye uwezo wa kubeba mwili mzima ukiwa kichwa chini, jambo ambalo katika sanamu ya kipimo cha 1/12 ni gumu mno.

Suala la Link, shujaa wa The Legend of Zelda, ni la namna nyingine, kwa sababu linagusa mkono upi ushike upanga. Tangu mwaka 1986 Link alikuwa wa mkono wa kushoto, lakini mchezo wa Twilight Princess ulipotolewa mwaka 2006 kwa mashine ya Wii, ambayo mchezaji hupunga rimoti yake ili upanga upungwe, Nintendo iliona kwamba wachezaji wengi wangetumia mkono wa kulia, ikaigeuza dunia yote ya mchezo kama inavyoonekana kiooni, huku toleo la mashine ya GameCube likibaki na Link wa kushoto. Katika Skyward Sword ya mwaka 2011 aliundwa akiwa wa mkono wa kulia tangu mwanzo. Kwa hiyo sanamu ya figma ya Link wa Skyward Sword, iliyotoka mwaka 2012, ingekuwa na kosa la kihistoria kama ingeundiwa kiganja cha kushikia upanga upande wa kushoto pekee, lakini kwa Link wa Twilight Princess pande zote mbili zina hoja. Mabishano ya wakusanyaji kuhusu jambo hili huweza kuonekana ya kipuuzi kwa mtu wa nje, ingawa hayazidi kwa upuuzi yale ya mashabiki wa kandanda kuhusu mguu wa mchezaji.

Chini ya rangi ipo habari ya plastiki yenyewe. Sehemu laini za mwili, kama nywele, nguo na mikono, kwa kawaida hufinyangwa kwa PVC, ambayo ni plastiki inayolainishwa kwa kuchanganywa na mafuta maalumu, na ambayo kwa miaka mingi, hasa katika joto na unyevu wa kiangazi cha Tokyo, huweza kuyatoa mafuta hayo na kuacha ngozi ya sanamu ikinata. Sehemu zinazohitaji ugumu hutengenezwa kwa ABS, ambayo hainati lakini hugeuka manjano ikipigwa na jua. Maungio madogo mara nyingi ni ya POM, plastiki yenye utelezi na ustahimilivu wa msuguano, lakini utelezi huohuo huifanya rangi isishike juu yake, na ndiyo maana bawaba ya goti mara nyingi huwa na wekundu au weupe usiofanana kabisa na mguu unaoizunguka. Anayeilaumu sanamu kwa tofauti hiyo ndogo ya rangi hajui kwamba analaumu kile kinachoifanya idumu. Sehemu inayovunjika mapema kuliko zote ni kijiti cha kifundo cha mkono, kwa kuwa vidole vya plastiki havikunjuki na badala yake sanamu huja na viganja kadhaa vya kubadilisha, vilivyo wazi, vilivyofumba na vya kushikia silaha, hivyo kijiti huchomolewa na kuchomekwa tena na tena; Max Factory, kwa busara, imekuwa ikitia vijiti vya akiba katika sanamu nyingi za figma. Vilevile figma huuzwa na stendi yake yenye mkono wa kuishikilia sanamu hewani, wakati mnunuzi wa S.H.Figuarts kwa kawaida hulazimika kuinunua stendi kando, na kwa wahusika ambao kazi yao kubwa ni kuruka huo ni ubahili usio na udhuru.

Thamani ya sokoni hufuata njia nyingine kabisa. Katika jengo la ghorofa nane la Mandarake huko Akihabara, tawi la kampuni iliyoanza kama duka la vitabu vya katuni vilivyotumika katika jengo la Nakano Broadway, kila sanamu iliyotumika hubandikwa karatasi inayoeleza kama boksi limefunguliwa, kama lina mkunjo au limefifia, na kama kuna kipande kilichopotea. Mfanyabiashara wa magari wa Dar es Salaam au Mombasa angeisoma karatasi hiyo bila kufundishwa, kwa maana ni tabia ileile ya kukiri kasoro iliyomo katika karatasi za ukaguzi za minada ya magari ya Japani. Wapo pia wenye maduka wanaokodisha vyumba vidogo vya kioo, ambamo mtu binafsi huweka vitu vyake na kujipangia bei, na humo ndimo bei za ajabu hupatikana, za chini na za juu. Kinachopandisha bei katika sehemu zote hizo ni boksi lisilofunguliwa na uhaba. Watengenezaji hupokea oda miezi mingi kabla ya bidhaa kutoka, huzalisha kwa kufuata oda hizo, na wakimaliza huenda wasizalishe tena, hivyo aliyechelewa huwa mateka wa aliyewahi. Sanamu za kwanza za figma mwaka 2008 ziliuzwa kwa takriban yeni 2,500, na nyingi za sasa zinapita yeni 10,000, ingawa udhaifu wa yeni, ambayo Julai 2024 ilivuka 160 kwa dola moja, umewafanya wageni wenye fedha za nje wazione kuwa rahisi na kuzibeba kwa mafungu.

Matokeo yake ni soko linalomzawadia mtu asiyeigusa mali yake. Sanamu iliyoundwa kwa hesabu ndefu za mabega na nyonga hukaa miaka ndani ya plastiki ikiwa imenyooka, na anayeinunua hawezi kujua kama maungio yamelegea, yameganda au yalikuwa na hitilafu tangu kiwandani. Boksi lililofungwa linathibitisha boksi tu, na hata hilo huigizwa, kwani sanamu bandia za wahusika mashuhuri ni nyingi, nazo hutambulika zaidi kwa mambo ambayo boksi huyaficha: ngozi inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, rangi iliyovuka mpaka wake, harufu kali, na maungio yanayokwama kisha kukatika.

Kwa hiyo msomaji mwenye ndugu Japani, anayetaka kuletewa Ryu au Link, amwombe anunue iliyokwisha kufunguliwa, ambayo kwa kawaida huwa nafuu kuliko iliyofungwa, kutoka duka linaloandika kasoro kwenye karatasi. Ahakikishe viganja vyote vimo. Na sanamu ikifika, kiungo kilichoganda kisilazimishwe kwa nguvu, bali kilowekwe kwanza katika maji ya moto, maana kijiti kikishakatikia ndani ya tundu, kukitoa ni kazi ngumu kuliko kununua sanamu nyingine.